Siku nne za mashua katika Ghuba la Chole, Mafia

Mwezi Desemba mimi na mume wangu tulikwenda Mafia kuadhimisha miaka kumi na miwili ya ndoa. Hatukutaka kushinda hotelini tukiitazama bahari kutoka barazani, kwa hiyo tulilipia huduma ya siku nne ya mashua yenye nahodha, baharia mmoja, vifaa vya kuogelea na chakula cha mchana. Watoa huduma ni watu wa kijiji cha Utende wenye mashua mbili tu, na nitaieleza huduma yao ilivyokuwa, pamoja na pale walipotukera.

Walianza vibaya. Ndege ndogo hutoka Dar es Salaam hadi Kilindoni kwa muda wa nusu saa hivi, na kutoka hapo kuna barabara ya lami hadi Utende, lakini kabla ya kufika ufukweni kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ambako kila mgeni hulipa ada ya kila siku anayokaa. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, wala ada yenyewe hatukuona ubaya wake, kwa kuwa hii ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, na ina kilomita za mraba 822 za kulindwa. Kilichotuudhi ni kwamba kwenye simu tuliambiwa bei imejumuisha kila kitu.

Kero ya pili iligeuka kuwa ndiyo sifa kubwa ya huduma hii. Ratiba tuliyotumiwa ilisema tutaondoka saa tatu asubuhi, lakini usiku ule ule nahodha alikuja kutuambia tuwe ufukweni saa kumi na mbili na nusu. Mume wangu, ambaye alikuwa ameahidiwa mapumziko, alianza kunung'unika. "Shemeji," nahodha alimjibu kwa upole, "mwezi unakaribia kuwa mpevu, hii ni bamvua. Saa tatu mashua itakuwa imekaa mchangani." Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika mwambao wetu huzidi mita tatu, na maji hufika chini kabisa kama saa nne asubuhi. Tulitoka na maji yanayokupwa, yakatusukuma kuelekea mwamba wa Kitutia, na mchana tukarudi na maji yanayojaa, bila kupigana na mkondo hata mara moja. Tuliwaona wenzetu wa mashua nyingine waliochelewa wakivuka tope kwa miguu, viatu mkononi.

Kitutia ni mahali pa kushinda. Maji yanapokupwa hujitokeza fungu jeupe la mchanga, na pembeni yake matumbawe huanza kwenye kina cha kifua tu, hivyo hata mimi ambaye si mwogeleaji hodari niliweza kuelea kwa mrija wa kupumulia nikiwaona samaki aina ya pono wakimega mwamba kwa midomo yao, mmegaji mmoja akisikika waziwazi kama mtu anayetafuna barafu. Asitarajie mtu bustani isiyo na doa, kwa sababu joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia, na hapa na pale bado kuna vifusi vya kijivu. Hata hivyo, katikati ya vifusi hivyo tuliona matumbawe machanga yenye ukubwa wa sahani, na kasa mmoja aliyekuwa akila bila kutujali.

Vifaa ndipo huduma ilipokuwa dhaifu. Miwani yangu ilikuwa na ukanda uliochakaa, na ya mume wangu ilivuja kwa sababu ya masharubu. Baharia alimpaka mafuta ya mgando juu ya mdomo, akamtemesha mate ndani ya kioo na kuyasugua ili kisifanye ukungu, na dawa hiyo ya bure ikafanya kazi siku zote zilizobaki. Makoti ya kuokolea yalikuwepo na yalikuwa mazima, jambo ambalo kwangu ni la kwanza. Chakula kilikuwa wali wa nazi na changu wa kuchoma, siku zote nne, na siku ya tatu nilitamani ugali.

Siku ya pili ilikuwa ya visiwa. Tulishuka Chole kutazama magofu ya boma la Wajerumani yaliyobanwa na mizizi ya miti, na popo wakubwa wala matunda wanaoning'inia mchana kutwa wakigombania nafasi, kisha maji yalipokauka tulitembea hadi Juani, maji yakiishia magotini, kwenda kuona mji uliohamwa wa Kua. Nahodha alitufuata na mashua maji yalipopanda. Hakuna aliyetuharakisha, na saa nzima ilipita tukiwa tumekaa chini ya mbuyu bila kuzungumza.

Siku ya tatu ilikuwa ya papa potwe, samaki wakubwa kuliko wote, ambao huonekana zaidi upande wa Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, wanapofuata uduvi mdogo karibu na uso wa maji. Kabla ya kushuka, nahodha alitupa masharti yake: hakuna kugusa, hakuna kumkatia njia, na mtu abaki mita tatu au zaidi kutoka ubavuni mwake. Aliyetujia alikuwa na urefu wa kama mita sita, mdomo wazi, madoa meupe mgongoni, na samaki wadogo wawili aina ya chazo wameganda chini ya tumbo. Watafiti huwatambua papa hawa mmoja mmoja kwa mpangilio wa madoa hayo. Alipita, nikasahau kupumua kwenye mrija, nikameza maji ya chumvi. Baadaye ilifika mashua nyingine iliyojaa watu, ikamzunguka, na watu wakaruka mbele yake, naye akazama. Wateja wa mashua yetu tuliomba tumtafute mwingine, lakini nahodha alizima mashine na kusema tungojee. Tulingoja dakika arobaini, na akatokea mwingine.

Kwa bei tuliyolipa ningewachagua tena watu hawa, ila ningeuliza kwa maandishi ni ada zipi ziko nje, na ningebeba miwani yangu mwenyewe. Pia ningechagua siku za maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, kwa maana wakati wa bamvua mlango wa Kinasi, njia ya maji ya kuingilia ghubani, una mkondo mkali, na nahodha wetu alikataa kutuogelesha pale, hata tulipombembeleza.