Sajili ya KMPDC au ya Maafisa wa Kliniki: uanzie wapi?

Katika zahanati nyingi za Kenya, afisa wa kliniki hukupima na kukuandikia dawa, kisha hukupeleka kwa daktari panapohitajika. Wagonjwa huwaita wote "daktari", ila kisheria wamo katika sajili mbili, na zote zinaweza kutafutwa mtandaoni.

Ya KMPDC, yaani baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya, ina madaktari, madaktari wa meno na hata vituo vya afya. Hapo tofautisha usajili na leseni: usajili unaweza kudumu, lakini leseni ya kazi hufanywa upya kila mwaka na huisha Desemba 31. Jina kuonekana hakutoshi. Soma hali ya leseni na fani aliyotambuliwa kuwa bingwa.

Ya Baraza la Maafisa wa Kliniki, linaloongozwa na sheria ya 2017, ndiyo ya kuanzia ukihudumiwa zahanati. Wapo maafisa wa kliniki waliosomea zaidi, mathalani nusukaputi au upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa hiyo usimdharau mtu kwa kumkosa KMPDC. Tafuta kwanza katika sajili hii ya pili.

Usipompata hata humo, jaribu jina moja tu la ukoo, au jina la kabla ya ndoa; herufi moja ikikosewa, hutaona chochote. Bora zaidi, omba namba ya usajili.

Lakini usitegemee sajili hizi kukueleza nani anashirikiana na nani. Uliza kituoni: daktari gani hupokea rufaa, na usiku anapigiwa nani?