Springi ya pedeli ya klachi imekatika: ununue ipi kwanza, ipi mwisho

Pedeli ya klachi ikilala, gereji nyingi zitakutajia klachi nzima kabla mtu hajainama chini ya usukani: diski, preshapleti (bati linaloibana diski), beringi, na kazi ya kushusha giaboksi. Usikubali haraka. Chukua tochi uiname mwenyewe. Inua pedeli kwa ncha ya kiatu hadi juu, washa gari, kanyaga, ingiza gia. Gia zikiingia laini na gari likaondoka kama kawaida, ila pedeli ukiiachia inabaki imelegea chini kidogo ya mahali pake, mtuhumiwa ni springi ya kurudishia. Gia zikigoma au kukwaruza, kwenye klachi ya mafuta anza na kikopo cha mafuta, kisha papasa pale fimbo ya pedeli inapoingia kwenye masta, yaani silinda ya juu inayosukuma mafuta. Ukikuta unyevu, springi mpya haitakusaidia. Hela yako inatakiwa kwenye masta.

Springi hii ni kitu kidogo, lakini usiidharau. Kwenye klachi ya mafuta, nguvu kubwa ya kurudisha pedeli inatoka kwa preshapleti yenyewe. Springi inamalizia kipande cha mwisho na kuishikilia pedeli juu, ili pistoni ya masta irudi kabisa na tundu la kurudishia mafuta lifunguke. Pistoni isiporudi yote, presha inaweza kubaki kwenye bomba na beringi ikaendelea kusukuma preshapleti wakati mguu wako umeshatoka. Klachi inaanza kuteleza mlimani, na hapo sasa maneno ya kushusha giaboksi yanakuwa kweli.

Wenye pikapu ndogo za Kirikuu na magari mengine ya klachi ya waya waanze na waya. Ukiwa umekauka, au nyuzi zimeanza kukatika ndani ya ala yake, pedeli hairudi vizuri na springi inasingiziwa.

Jambo la pili kabla ya duka ni kujua umekatikiwa na springi ya aina gani. Ya kawaida kwenye pikapu na magari ya kazi ya zamani ni springi ya kuvuta, yenye ndoano pande zote mbili. Nyingine imejipinda kuzunguka shafti ya pedeli na ina miguu miwili. Ya tatu ni ile ya kusaidia mguu: mwanzoni inasukuma pedeli juu, ukivuka katikati inageuka na kuisukuma chini, ndiyo maana pedeli inakuwa nyepesi. Hizi mbili za mwisho hazina mbadala wa mtaani. Ama upate yenyewe, ama usubiri.

Tukija kwenye kununua, mpangilio wangu ni huu.

Namba moja ni jenuini mpya, iliyoagizwa kwa namba ya chesisi. Watu wanaikimbia kwa sababu neno jenuini linatisha mfuko, lakini hapa tunazungumzia waya uliopindwa, si injini. Tofauti ya bei na ya kubahatisha, ukiihesabu kwa shilingi, mara nyingi haifiki hela ya ufundi wa kufungua mara ya pili. Kero yake ni kusubiri, maana wauza spea wachache wanaweka rafuni kitu kinachoulizwa mara chache. Magari yaliyotumika Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17 kama ya Ulaya. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo, na hiyo ndiyo muuzaji anaiingiza kwenye katalogi. Kwa Toyota atakurudishia namba ya spea yenye tarakimu kumi, tano na tano. Iandike. Ukiwa na hiyo namba unaweza kuuliza Gerezani ya Dar, Kirinyaga Road ya Nairobi au Dubai, na bei ukailinganisha bila mtu kukuzungusha. Agiza pamoja na bushi ya plastiki inayokaa kwenye ndoano, kama gari lako linayo. Bushi ikiisha, chuma kinasaga chuma, na springi hukatika hapohapo kwenye mpindo wa ndoano.

Namba mbili ni mtumba, na ukiweza chukua pedeli nzima na kikalio chake. Unapata springi, bushi, pini na klipu vilivyokuwa vinafanya kazi pamoja. Shida ni kwamba magari mengi madogo yanayotoka Japani ni ya otomatiki, kwa hiyo usipoteze muda kwenye nosikati (sehemu za mbele zilizokatwa) za gari za familia; nenda kwenye Hiace, Hilux, Canter na jamaa zao. Springi ya kuvuta husukwa ikiwa imebana, mapindi yakigusana. Ishike kwenye mwanga ikiwa haijavutwa: ukiona mwanga unapita katikati ya mapindi, na nyingine ya gari hilohilo haipitishi, imeshachoka, irudishe. Pitisha ukucha ndani ya ndoano. Ukihisi mfereji, irudishe pia. Kutu ya juujuu inasameheka, ila vishimo vya kutu havisameheki, kwa sababu ufa unaanzia humo.

Namba tatu ni springi mpya ya kupimia, ile unayochagua kwenye boksi la springi mchanganyiko. Inafaa kwa ile ya ndoano mbili tu. Inaweza kukutumikia miaka, na inaweza kukuharibia wiki, kutegemea ulivyopima. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanaponunua.

Nenda na springi yako ya zamani, vipande vyote. Pima vitu vitano: urefu kutoka ndani ya ndoano hadi ndani ya ndoano, unene wa waya, upana wa mapindi, idadi ya mapindi, na ndoano zinaelekea wapi, maana nyingine zinatazamana na nyingine zimepishana robo mzunguko. Unene wa waya upime kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili, usiukadirie kwa macho. Ugumu wa springi unapanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya. Waya wa milimita 2.2 badala ya 2.0, vingine vyote vikiwa sawa, unakupa springi ngumu karibu mara moja na nusu. Wa milimita 2.5 unakaribia mara mbili na nusu. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii inafanana, bosi", mwombe kalipa.

Ukilazimika kuchagua kati ya laini kidogo na ngumu kidogo, chukua laini kidogo, mradi inainua pedeli hadi juu. Ngumu itachosha goti lako kwenye foleni ya Mbagala, itakula bushi, na inaweza kupinda kile kibati inachoshikilia. Urefu nao una mtego: springi fupi inakaa vizuri pedeli ikiwa juu, lakini ukikanyaga hadi sakafuni inavutwa kupita uwezo wake na haitadumu. Usikubali fundi aikate ndefu ili itoshe. Kupunguza mapindi kunaongeza ugumu: ukitoa matano kwenye ishirini, umeifanya ngumu kwa theluthi nzima.

Namba nne ni springi ya stendi ya pikipiki, au ya viatu vya breki. Zinapatikana kila kona, na kila fundi ana hadithi ya ile aliyoifunga ikadumu. Mimi ninaziweka kwenye fungu la kukufikisha nyumbani kutoka Chalinze. Nyingi ni ngumu mno kwa kazi hii, hasa za breki, na ndoano zake hazikutengenezwa kwa tundu la pedeli yako.

Namba ya mwisho ni kuchomelea iliyokatika. Usilipie. Moto unaondoa ugumu wa chuma cha springi pembeni ya weldi, na itakatika tena hapohapo. Afadhali kunyanyua pindi la mwisho bila moto ukatengeneza ndoano mpya, ingawa springi itakuwa fupi na ngumu zaidi. Kipande cha mpira wa tyubu sikipi namba kabisa: kikikatika kinaweza kuangukia chini ya pedeli ya breki.

Kuna springi moja usiyopaswa kununua hata ukishauriwa. Magari ya zamani ya klachi ya mafuta yalikuwa na springi nje, kwenye mkono wa klachi karibu na giaboksi. Yaliyofuata mengi yana silinda ya chini inayojirekebisha yenyewe, na springi yake iko ndani, inaisukuma beringi iguse preshapleti kidogo muda wote kwa makusudi. Fundi akitaka kuongeza springi ya nje "ili pedeli irudi vizuri" kwenye gari la aina hiyo, anaharibu urekebishaji na pedeli itakuwa na mwanya usioisha.

Kufunga si kazi ya kutisha, isipokuwa ile ya kusaidia mguu, ambayo imebanwa kwa nguvu na ikichomoka inaruka usoni. Hiyo mwachie mwenye kifaa na miwani. Ya ndoano mbili, ikunje pembeni, chomeka washa nyembamba kati ya mapindi moja baada ya nyingine hadi irefuke, itundike, kisha kanyaga pedeli ili washa hizo zidondoke. Ziokote zote na uzihesabu. Usiivute kwa koleo yenye meno. Alama ya jino kwenye waya ni mwanzo wa ufa. Weka grisi kidogo kwenye bushi.

Kisha sukuma pedeli kwa kidole. Kwa Toyota nyingi za klachi ya mafuta, mwanya wa mwanzo kabla ya kuhisi uzito ni kati ya milimita 5 na 15. Ukikosa mwanya kabisa, regeza fimbo ya masta kabla gari halijatoka gereji, na umlipe fundi baada ya hapo.