La Baroque ya France Musique: inavyosikika ukiwa Nairobi

Kutafuta muziki wa Baroki, ule wa Ulaya wa takriban 1600 hadi 1750, kwenye FM za Nairobi ni kazi bure. BBC ya 93.9 ni Idhaa ya Dunia, habari na mazungumzo. Classic 105, usidanganywe na jina, hupiga vibao vya zamani na wala si Bach. Inabaki intaneti, na huko ya kwanza kujaribiwa ni La Baroque, mojawapo ya stesheni za mtandaoni za France Musique, redio ya umma ya Ufaransa. Ni ya bure, inapiga saa 24 na haina mtangazaji wa kukukatiza.

Nguvu yake iko kwa watunzi wa Kifaransa wenyewe. Vivaldi na Handel utawapata popote, lakini Rameau, Couperin, Charpentier na Marin Marais wakipewa nafasi ya kutosha? Hapo La Baroque haina mpinzani wa karibu. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi hupiga sehemu moja tu ya kazi: allegro (sehemu ya kasi) ya konseto ikiisha, unarukia aria, wimbo wa mwimbaji mmoja, ya mtunzi mwingine kabisa. Anayetaka Mateso ya Mathayo ya Bach yote, karibu saa tatu, atafute kwingine. Na kwa kuwa hakuna wa kutangaza, jina la kipande na wapigaji wake utalisoma kwenye tovuti au programu ya Radio France, shirika mama la France Musique.

Sasa bando. Mkondo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 58 kwa saa. Ule wa AAC, mfumo mwingine wa kubana sauti, wa 192 hula MB 86. Kwa hiyo GB 1 inakupa kama saa 17 kwa ule wa kwanza na saa 11 na nusu kwa wa pili. Kwenye Wi-Fi ya nyumbani chukua wa 192 bila kufikiria mara mbili. Kwenye simu, 128 inatosha, ila usishuke chini ya 64, na sababu ni hapsikodi, kinanda cha kale cha nyuzi. Nyuzi zake hudonolewa kama za ganuni, kila noti inaanza ghafla, na ubanaji mkali wa sauti humwaga kelele kidogo kabla ya mdonoo wenyewe. Matokeo yake ni mchakacho badala ya noti safi. Kwaya na kinanda cha filimbi huvumilia ubanaji huo vizuri zaidi.

Ndani ya matatu mkondo utakatika kila simu inapohama mnara. Fungua anwani ya mkondo kwa programu ya VLC, ingia kwenye mipangilio, tafuta palipoandikwa Network caching na uweke 5000, yaani milisekunde, sawa na sekunde tano za akiba. Utangoja kidogo kabla muziki haujaanza, lakini mikatiko mifupi hutaisikia tena.

Adui mkubwa zaidi ni sabufa. Seti nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue zimepangwa kwa reggae na gengetone: selo na teorbo (gambusi kubwa ya shingo ndefu) zinavimba hadi zinamfunika mwimbaji, na hapsikodi inapotea kabisa. Shusha kitufe cha besi hadi karibu na mwisho, zima kila kinachoitwa "bass boost", toa sabufa kwenye kona ya ukuta, na tumia kebo ya AUX badala ya Bluetooth, kwa sababu Bluetooth huibana upya sauti ambayo tayari imebanwa. Hata hivyo, hedifoni za kawaida za waya zitaishinda seti hiyo.

Wanakwaya wanaofuata kwa kinanda cha umeme wajue hili: vikundi vingi vya ala za kale hutuni A kwenye hezi 415, si 440, nusu toni chini. Haleluya ya Handel, iliyoandikwa katika D, itasikika kama Des, yaani D bapa. Weka transpose kwenye -1. Kwa muziki wa Kifaransa wakati mwingine ni 392, hapo weka -2. Kinanda chako hakijaharibika.

France Musique yenyewe ina tamasha la saa mbili usiku za Paris. Hapa kwetu ni saa nne usiku Wafaransa wakiwa kwenye majira ya baridi, na saa tatu wanaposogeza saa zao, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba.

Kwa muziki wa kabla ya 1600 La Baroque haikufai. Watunzi kama Hildegard na Josquin wako Ancient FM ya Kanada, inayoshughulika na Enzi za Kati na Renesansi pekee, au kwenye mkondo wa Oude Muziek wa Concertzender, Uholanzi.