Waya za meno ukubwani: uzoefu wangu

Nimetolewa waya za meno majuzi, baada ya karibu miaka miwili. Kazi ya daktari naipa alama za juu kabisa, ila maelezo niliyopewa kabla ya kulipa nayapa alama za chini. Kliniki siitaji. Ni ya binafsi, Dar es Salaam, na nadhani kilichonikuta kinawakuta wengi.

Shida yangu ilikuwa chonge za juu. Zilikosa nafasi zikaotea juu kwenye ufizi, na meno ya mbele nayo yalitokeza kuliko ya chini. Daktari alipiga eksirei ya mdomo mzima na nyingine ya kichwa kwa ubavu, kisha akasema mimi ni "daraja la pili". Mgawanyo huo ulitolewa na Mmarekani Edward Angle mwaka 1899 na madaktari wanautumia hadi leo. Wanatazama gego la kwanza la juu linavyokutana na la chini. Daraja la kwanza magego yamekutana sawa, hata kama meno ya mbele yamebebana. La pili, ya chini yamerudi nyuma. La tatu, yametangulia mbele. Jua daraja lako, kwa sababu ndilo linaloamua mengi: kama utang'olewa meno, na kama utavaa vile vipira vya kuvuta taya ya juu na ya chini. Mimi niling'olewa magego madogo mawili ya juu ili chonge zipate pa kushukia.

Jambo ambalo ningependa sana kuambiwa mapema linatuhusu sisi tuliokulia Arusha na kandokando ya Mlima Meru. Maji yetu yana floraidi nyingi na meno yetu yana madoa ya kahawia. Kabla ya kubandika braketi, yaani vile vyuma vidogo vinavyokaa juu ya kila jino, jino hupakwa asidi ili uso wake ukwaruzike kidogo na gundi ishike. Jino lililoathirika sana na floraidi huwa gumu kuliwa na asidi hiyo, kwa hiyo gundi haishiki vizuri. Braketi zangu zilikuwa zinabanduka, nikila hata wali tu, na kila nikirudi nalipishwa kubandikiwa upya. Baadaye daktari aliliparua jino kidogo na kuiacha asidi ikae muda mrefu zaidi, zikatulia. Madoa yangu yanaonekana nikifungua mdomo tu! Hilo lilipaswa kusemwa siku ya kwanza, na gharama yake isiwe juu yangu.

Waya wa kwanza ni mwembamba, wa nikeli na titani. Ukipindwa kufuata meno yaliyopinda, unalazimisha kurudi kwenye umbo lake la upinde, na hapo ndipo meno yanapovutwa. Baadaye unawekewa wa chuma cha pua, mgumu zaidi, wa kufunga mapengo. Maumivu yanakuja jioni, si pale kwenye kiti. Siku mbili tatu za mwanzo nilikuwa mtu wa uji na ndizi zilizopondwa. Omba nta ya kufunika chuma kinachokwaruza shavu, na usiondoke bila kupewa. Na vile vipira vidogo vinavyoshikiza waya kwenye braketi, usichague vyeupe: mchuzi mmoja wenye manjano tu, vimegeuka rangi mpaka miadi ijayo. Chukua vya kijivu.

Kwa nini inachukua muda mrefu hivyo? Jino halichomolewi likahamishwa. Mfupa unalika upande ambao jino linasukumwa na kujengeka upande linakotoka, na mwili hauharakishwi. Trei za plastiki angavu, zile za kuvua na kuvaa, nazo zinafuata njia hiyohiyo na zinataka uzivae kama saa 22 kwa siku. Mimi nilishauriwa niziache kwa sababu ya chonge zilivyokaa juu, na bei yake ilikuwa kubwa zaidi.

Dada mmoja niliyemkuta mapokezini alikuwa na mwanya mzuri sana na alitaka ubaki. Daktari alimkubalia, lakini ni kwa vile alisema mapema. Usiposema, mwanya unafungwa kama nafasi nyingine yoyote.

Kubwa lililoniudhi ni riteina. Waya zikishatoka, meno yanataka kurudi yalikotoka, kwa hiyo lazima kuwe na kitu cha kuyashikilia. Mimi nina waya mwembamba uliogundishwa nyuma ya meno ya chini, na plastiki ya kuvaa usiku juu. Siku ya kutolewa ndipo naambiwa hiyo ni bei nyingine, na mtu hawezi kukataa kwa sababu akikataa kazi yote inaharibika. Ile ya plastiki ioshe kwa maji ya baridi na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, itajikunja.

Meno yangu sasa yamepangika na chonge zimeshuka vizuri. Kwa daktari yule ningerudi. Ila ningetaka kwanza karatasi yenye bei ya kila kitu: eksirei, kung'oa, waya, braketi zikibanduka, riteina, na riteina ya pili ya kwanza ikipasuka.