Darsa za Kinga ya Mwili na Malaria, Chake Chake

Kwa Jumamosi tatu nilihudhuria darsa za jioni ambazo kituo kimoja cha mafunzo hapa Chake Chake huwatolea wauguzi na mafundi wa maabara kwa ada ya shilingi 30,000, na iliyostahiki fedha yangu ni ile ya pili, iliyohusu kazi ya seli T, yaani aina ya chembe nyeupe za kinga, dhidi ya vimelea vya damu.

Mwalimu alimwaga vizibo vya soda mezani kuwakilisha seli, vingi vikiwa vimebandikwa vijikaratasi kama vipande vya protini. Alieleza kwamba seli za mwili huanika nje vipande vya protini zilizomo ndani yake, na seli T za aina ya CD8 hupita zikivikagua, zikaiua seli yenye kipande kigeni. Ndiyo maana kimelea cha malaria, kikiwa bado kimo katika ini kwa takriban wiki moja, huweza kunaswa. Kisha akainua kizibo kitupu.

"Mwalimu, hicho mbona hakina karatasi?" aliuliza muuguzi mmoja.

Hicho kilikuwa chembe nyekundu ya damu. Ikishapevuka haina kiini wala molekuli za kuanikia vipande hivyo, kwa hiyo kimelea cha malaria aina ya falsiparamu akijificha humo, CD8 hupita mlangoni bila ya kumtambua. Nimehesabu vimelea kwenye hadubini kwa miaka 11 na sikupata kujiuliza jambo hili.

Kazi ya damuni huangukia zaidi seli T saidizi, yaani CD4, ambazo huzisaidia seli B, chembe nyingine nyeupe, kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonata kwenye vimelea, na kwa kutoa kemikali ya ishara iitwayo intaferoni gama huziamsha makrofaji, yaani seli mlaji, za bandama zizimeze chembe zilizoambukizwa. Kwamba nguvu hiyo ikizidi humdhuru mgonjwa mwenyewe, lilitajwa mbiombio.

Darsa ya tatu ilichelewa saa nzima, na makaratasi tuliyogaiwa yalififia hata michoro haikutambulika. Lililonikera zaidi ni kwamba Zanzibar yenyewe haikuguswa. Maambukizi yetu yamekaa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi, na kinga inayojengwa kwa kuugua mara kwa mara hudhoofika mtu asipoambukizwa, hivyo mtu mzima wa Pemba leo hana ngao aliyokuwa nayo babu yake. Wala hatukuambiwa kwamba chanjo za RTS,S na R21, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na 2023, humlenga kimelea kabla hajaingia katika chembe nyekundu.

Hata hivyo nimemlipia msaidizi wangu awamu ijayo, na nimemwagiza akae mbele, kwa sababu nyuma ubao hausomeki.