Pampu ya baridi au pampu ya zebaki kwa tanuri la nyuklia?

Kule Cadarache, Ufaransa, mradi wa ITER, tanuri la majaribio la kuunganisha viini vya atomu ili kupata nishati, unategemea kitu ambacho Pwani tunakokea moto: vifuu vya nazi. Makaa yake yamepakwa kwenye paneli za pampu za kutoa gesi ndani ya tanuri, zinazopozwa hadi takriban nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Gesi nyingi huganda katika baridi hiyo. Heliamu, ambayo ndiyo jivu la tanuri lenyewe, haigandi, kwa hiyo hunaswa katika vitundu vya makaa. Pampu hizi ni sita, zikihudumia chumba cha mita za ujazo 1,400, na hazina rota, yaani sehemu inayozunguka, ya kupashwa moto na sumaku kali za tanuri zilizo jirani.

Kasoro ya pampu hii ya baridi ni kwamba hujaa. Lazima ifungwe, ipashwe joto, iteme gesi, ipozwe tena. Ndiyo maana hupokezana zamu. Muda wote huo tritiamu, aina ya hidrojeni ambayo ni fueli ya tanuri, adimu na yenye mionzi, imekaa tu humo.

Pampu ya zebaki haihifadhi kitu. Mvuke wa zebaki husukuma gesi nje, hugeuka kimiminika kwenye kuta baridi, kisha huchemshwa upya, mfululizo. Mafuta badala ya zebaki yasingefaa, maana tritiamu huyaharibu. Wataalamu wa Karlsruhe, Ujerumani, wameipendekeza kwa DEMO, mtambo utakaofuata ITER. Zebaki ni sumu, na mvuke wake usirudi chumbani hata kidogo.

Kwa majaribio ya dakika chache ningebaki na makaa. Kwa mtambo wa kuuza umeme, zebaki.