SPPARKS katika kuiga uzaliwaji wa fuwele mpya kwenye aloi za alumini

SPPARKS ni programu huria ya Sandia National Laboratories ya Marekani, iliyoandikwa kwa C++, na haikutungwa kwa ajili ya metali peke yake. Hata hivyo, mtafiti anayetaka kufuatilia jinsi punje mpya (yaani fuwele ndogondogo zinazounda metali) zinavyozaliwa na kukua katika bamba la alumini lililofinyangwa baridi kisha likakanzwa ataikuta na msingi imara.

Msingi huo ni mbinu ya Monte Carlo (uigaji unaotumia namba nasibu) ya modeli ya Potts: metali hugawanywa katika vituo vya latisi, yaani gridi ya nukta zilizopangwa sawasawa, kila kituo kikibeba namba ya punje yake na kuibadilisha kulingana na nishati ya majirani. Hapo ndipo penye jambo la kuangalia kwa makini, kwa kuwa Potts ya kawaida huhesabu nishati ya mipaka ya punje tu, ilhali kinachosukuma fuwele mpya ni nishati iliyohifadhiwa katika dislokesheni (kasoro za mistari ndani ya fuwele zinazoletwa na ufinyanzi), ambayo katika alumini iliyofinyangwa sana hutoa shinikizo linalokaribia MPa 1. Mpindo wa mpaka wa punje yenye nusu kipenyo cha mikromita 50 hutoa takriban sehemu moja ya mia ya shinikizo hilo. Kwa hiyo mtumiaji hana budi kuongeza mwenyewe nishati hiyo kwa kila kituo. Kwa bahati njema, msimbo umepangwa vizuri na unakubali nyongeza.

Namna iitwayo potts/pin, inayoweka vituo visivyobadilika, inanivutia zaidi. Chembe ndogo za Al3Zr (mchanganyiko wa alumini na zirkoni) huzuia mipaka isisogee, na uigaji unauonyesha uzuiaji huo vyema, mradi uendeshwe katika pande tatu, kwa sababu pande mbili hutia chumvi nguvu za chembe. Chembe zinazozidi mikromita 1 hufanya kinyume, maana huchochea uzaliwaji wa punje; punje hizo mtumiaji azipande mwenyewe. Latisi ya sc/26n, ya mchemraba ambamo kila kituo kina majirani 26, ndiyo ninayoipendekeza, kwani majirani wachache huilazimisha mipaka kufuata mistari ya latisi.

SPPARKS haina dirisha la picha, maagizo yote huandikwa kwenye faili la matini, nami sioni hilo kuwa kasoro kubwa. Ugumu uko kwenye muda, unaotoka kwa hatua za Monte Carlo, si sekunde. Asiye na vipimo vya ugumu wa metali iliyokanzwa kwenye nyuzijoto kadhaa, tuseme kati ya 300 na 400 za Selsiasi, vya kulinganisha na hatua hizo, atapata umbo la punje bila kujua tanuru lizimwe lini.